Unadaiwa shilingi ngapi?

Kwa mwaka mzima, kila tarehe 28, nilimtumia mama shilingi 30,000. Akiwa Muheza alizipokea, akanipigia, akaniombea dua, kisha akauliza wanafunzi hawajambo. Nami nikajibu hawajambo. Wanafunzi hawakuwepo. Shule niliyokuwa nafundisha ilikuwa imeshaniacha, na zile 30,000 mara nyingi zilikuwa mkopo wa kwenye simu.

Juzi binti mmoja ninayemfahamu, aliyemaliza chuo mwaka wa pili sasa, aliniuliza niliivukaje miaka ile. Nilimjibu kwa haraka nikiwa na mteja mbele yangu, na usiku nikaona sikumtendea haki. Hili ndilo jibu nililopaswa kumpa.

Nilimaliza Chuo Kikuu cha Dodoma mwaka 2019. Ualimu, Historia na Kiswahili. Wanaoijua hali ya ajira za walimu wameshaelewa hapo. Wa sayansi na hisabati walikuwa wakitafutwa, sisi wa sanaa tulikuwa wengi kuliko nafasi, na kila mwaka vyuo vilitoa wengine. Lakini siku ya joho nani anahesabu? Mama alitoka Muheza kwa basi, na kitenge kipya ndani ya mfuko wa plastiki ili kisikunjike, akakivalia nyumbani kwa wenyeji wetu. Alipiga picha na kila rafiki yangu, hata wale asiowajua majina.

Januari 2020 nikapata shule ya binafsi hapa Tanga mjini. Mshahara 300,000, chumba Makorora, baiskeli ya mtumba. Nilifundisha wiki kama kumi. Tarehe 17 Machi shule zikafungwa nchi nzima kwa sababu ya korona. Zilipofunguliwa tarehe 29 Juni wenzangu waliitwa, mimi nikaambiwa wanafunzi wamepungua, nisubiri nitapigiwa. Simu ile niliisubiri hadi nikawa naingia nayo bafuni.

Jioni ya siku hiyo mama alipiga kuuliza kama shule zimefunguliwa. Nikasema ndiyo, mama, zimefunguliwa. Na kweli zilikuwa zimefunguliwa. Uongo wangu ulianza na sentensi ya kweli, na labda ndiyo maana sikuushtukia mapema.

Shule iliniambia wanafunzi wamepungua. Mimi nilisikia: wewe hufai. Hakuna aliyeyatamka maneno hayo, lakini niliyatafutia ushahidi usiku na mchana. Nilikumbuka kipindi kimoja cha Kidato cha Pili ambacho watoto walipiga kelele mpaka mwalimu wa zamu akaja mlangoni. Nilikumbuka mkuu wa shule alivyonipita siku moja bila kuitikia shikamoo yangu, na huenda hakuisikia. Nilitoa matokeo yangu ya chuo kwenye bahasha, nikatazama ile C moja ya mwaka wa kwanza kana kwamba ndiyo iliyokuwa imesainiwa na chuo, na zile B na A zimeingia kwa bahati mbaya. Mashaka yangu yalikuwa na saa zake. Saa nane usiku yanaamka, nami naamka nayo, na swali ni lilelile: nitakuwa nani?

Nililala na swali hilo miezi na miezi. Sasa naona halikuwa swali la kujibika usiku ule, wala kesho yake, wala mwaka ule. Lakini nilidhani wenzangu wote wana jibu, na aliyelikosa ni mimi peke yangu.

Kundi la darasa letu kwenye simu lilinimaliza kabisa. Mwenzetu mmoja alikuwa akiweka picha akiwa ofisini: meza, kompyuta, kitambulisho kikining'inia shingoni. Nilizikuza picha zile kwa vidole nisome kilichoandikwa kwenye kitambulisho. Mwingine alifunga ndoa. Mwingine alipata nafasi halmashauri, watu wakampongeza kutwa nzima, na mimi nikampongeza, halafu nikaweka simu chini ya mto na kulala mchana.

Na kule kwenye shughuli, arusini na misibani, lilikuwepo neno moja: "Umeshapata?" Mwalimu wa Kiswahili lazima aone pengo lililopo pale. Kupata ni kitenzi kinachotaka yambwa, unapata nini? Lakini anayeuliza haitaji, kwa sababu wote mnajua. Ukiwa na umri wa miaka 25, kile kilichoachwa wazi ni kazi. Ukijibu umepata kazi, linageuka mume. Niliacha kwenda kwenye shughuli za watu. Nikakosa hitima ya jirani aliyenilea nikiwa mdogo, na hilo linaniuma hadi leo kuliko kazi niliyoikosa.

Kodi ya Makorora ilinishinda Novemba 2020. Nikahamia kwa shangazi yangu, Ngamiani, kwenye zile barabara za namba. Shangazi ni fundi cherehani. Mume wake alipofariki alimwachia watoto wanne na cherehani moja ya miguu, na kwa cherehani hiyo wote wanne walisoma. Nilimweleza ukweli usiku wa kwanza, kwa sababu huwezi kulala nyumbani kwa mtu na kumdanganya unakwenda kazini. Alinisikiliza, akasema: "Hilo la mama yako ni lako. Mimi sitalisema. Lakini wifi akiniuliza, sitamdanganya."

Mwishoni mwa Novemba kazi za sare huanza. Shule zinafunguliwa Januari, na kila mzazi anataka shati, sketi, kaptula, na wote wanataka siku moja. Shangazi hakuniuliza kama nataka kushona. Alinipa mkasi na rundo la mashati, akaniambia nikate nyuzi zilizobaki. Kisha vifungo. Kisha mapindo ya mikono. Januari ilipopita nilikuwa naweza kushona shati zima isipokuwa kola.

Na bado nilikuwa natuma zile 30,000. Nafikiri hapa ndipo wengi wetu tunaponasa, na ndipo ninapotaka binti yule anielewe. Si kwamba sikuwa na la kufanya. Nilikuwa nashona, nilikuwa nalipwa kwa shati, lakini kichwani kazi ile haikuwepo, kwa kuwa sikuweza kumwambia mama. Kila shati lilikuwa kitu cha kupitisha muda hadi maisha yangu yaanze. Ukiificha siku yako kwa mtu unayempenda, hata wewe mwenyewe huioni.

Juni 2021 nilikwenda Muheza. Ni msimu wa machungwa, na wakati huo kule kila baraza ina rundo. Mama huyanunua shambani na kuwauzia wachuuzi wanaoyapeleka mjini. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka akihesabu, matano matano kwa mikono miwili, akitenga yaliyobonyea. Nikakaa upande wa pili nikaanza kuhesabu nami. Nilikuwa nimepanga maneno ndani ya basi tangu Tanga. Sikusema hata moja kati yake. Nilisema tu, "Mama, mimi sifundishi. Tangu mwaka jana."

Hakuacha kuhesabu. Alifika mia, akasogeza rundo, akafuta mikono kwenye khanga.

"Na hizo hela unazonitumia?"

"Nakopa. Nyingine nashona kwa shangazi."

Akanyamaza. Nilisubiri alie, au aniulize kwa nini, au aniambie nina mtihani na Mungu yupo. Badala yake akaniuliza, "Unadaiwa shilingi ngapi?"

Sikujua. Nilikuwa nimeogopa kujumlisha. Akanituma ndani nilete kalamu, tukaandika nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita: mkopo wa simu 38,000, rafiki yangu wa Makorora 50,000, duka la mtaani 12,500. Deni la chuo, lile la Bodi ya Mikopo, tukaliandika pembeni, mama akasema hilo linangoja mshahara, tuanze na yale yasiyongoja. Jumla ikawa 100,500. Niliitazama tarakimu kwa tarakimu. Kwa mwaka mzima niliona nimezama mahali pasipo na chini, kumbe chini palikuwa hapo, 100,500.

"Basi usinitumie kitu mpaka liishe," akasema. "Na shangazi yako anasemaje kuhusu kazi yako?"

"Anasema kola zangu zinapinda."

"Haya. Hizo kola zinyooke."

Tukaendelea kuhesabu. Jioni nililia, peke yangu, nyuma ya choo, kilio cha mtu aliyetua mzigo. Usiku ule nililala hadi asubuhi.

Nimelifikiria sana swali lile la mama. Miezi yote ile watu wema walinipa maneno: subira yavuta heri, riziki ina wakati wake, elimu haiozi. Sikuyadharau, na mengine nayaamini. Lakini maneno hayo yanajibu lile swali la saa nane usiku, lisilojibika. Mama aliniuliza swali lenye namba. Tangu hapo, mashaka yakinijia, nimejizoeza kutafuta swali dogo lililo jirani nayo, lenye jibu. Nitakuwa nani? Sijui. Deni limebaki kiasi gani? 62,000. Je, nitaweza kufundisha tena? Sijui. Leo nimesoma kurasa ngapi? Mashaka hayajaondoka. Yanakaa, lakini hayaendeshi siku.

Kola nayo nataka niieleze, kwa sababu ilinifundisha kwa mikono kitu ambacho kichwa kilikataa. Kola ya shati la shule ina ncha mbili, na ncha zile lazima zilingane. Unakata vipande viwili, unaweka ndani kile kitambaa kigumu, unashona ukingo kwa nje, kisha unapunguza kitambaa kwenye kona kabla ya kugeuza. Ukibakiza kingi, ncha inakuwa nene na duara. Ukipunguza mno, uzi unaachia na ncha inapasuka. Halafu unageuza, unaisukuma kona kwa ncha ya mkasi polepole, unapiga pasi. Ncha zangu zilikuwa moja juu, moja chini. Shangazi alinifumulisha kola moja mara tano kwa wembe, na kila mara aliushika mkono wangu: "Taratibu. Ukifumua na hasira, unakata kitambaa, si uzi." Mara ya sita zikalingana. Hakusifu, aliitupa kwenye rundo la mashati yaliyokwisha. Kuliona shati langu katika rundo lile, nisiweze kulitofautisha na yake, kulinipa kitu ambacho cheti cha chuo hakijawahi kunipa, nacho ni ushahidi ninaoweza kuushika.

Deni liliisha Oktoba. Nilimpigia mama kumwambia, naye akaniambia bei ya machungwa imeshuka.

Sitaki binti yule adhani mashaka yote yanatibika kwa cherehani. Kuna mwenzetu mmoja kwenye lile kundi aliyeacha kujibu ujumbe, kisha akaacha kula, kisha akaanza kusema dunia ingekuwa nyepesi bila yeye. Huyo hakuhitaji swali la hesabu. Dada yake alimpeleka hospitali, kitengo cha afya ya akili, akapata dawa na mtu wa kuzungumza naye kila wiki mbili, na leo yupo, anafanya kazi. Kama wiki zinapita hulali, huogi, chakula hakipandi, na fikra za kufa zinakuzoea, usijaribu kuwa hodari. Mwambie mtu leo, muende hospitali pamoja.

Mwaka 2022 alikuja kibandani kwa shangazi binti mwingine, wa kujifunza ufundi. Aliacha shule Kidato cha Pili, alipopata mimba. Serikali ilikuwa imeruhusu Novemba 2021 wasichana wa namna yake warudi darasani, lakini yeye alikuwa na mtoto wa kumlisha na hakutaka kukaa tena na watoto aliowapita umri. Siku moja alinisikia nikimsahihisha mtoto wa mteja, akauliza kama ni kweli nilikuwa mwalimu. Nikasema ni mwalimu. Nilijisikia nikisema ni, si nilikuwa, na hakuna aliyenipinga.

Tukaanza taratibu, saa za mchana wateja wakipungua. Alitaka kufanya mtihani wa maarifa, ule wanaouita QT, ili aweze baadaye kukaa Kidato cha Nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ngeli zilimshinda, kama zinavyowashinda wengi wanaokizungumza Kiswahili vizuri kila siku. Nikaacha daftari nikaokota vitu mezani. Uzi umekatika, nyuzi zimekatika. Mkasi umepotea, mikasi imepotea. Sindano imevunjika, sindano zimevunjika: hapo akashtuka, mbona hii haibadiliki? Kitambaa kimechanika, vitambaa vimechanika. Alipofika kwenye wembe akasimama, akawaza, akasema: "Wembe umepotea, nyembe zimepotea!" Shangazi, aliyekuwa akikanyaga cherehani wakati wote, akasimamisha miguu: "Mimi miaka yote nilikuwa nasema nyembe na sikujua kwa nini." Darasani Makorora niliwahi kufundisha ngeli kwa ubao na mifano ya kitabuni, na watoto walisinzia. Sasa naamini nimekuwa mwalimu bora zaidi nje ya shule, na kama nikirudi darasani nitakwenda na kopo la vifungo.

Usaili wa walimu ulifika Januari 2025. Safari hii ajira hazikutolewa kwa kupangiwa. Uliomba kwenye mfumo, kisha ukaitwa kufanya usaili. Zaidi ya watu 200,000 waliomba nafasi zisizofika 15,000. Nilipiga hesabu hiyo nimekaa kwenye cherehani: kila nafasi moja, zaidi ya watu 13. Kuna ambao namba ile iliwavunja moyo, nami nawaelewa. Mimi ilinipa pumzi. Tangu 2020 nilikuwa nimebeba hukumu kwamba sikufaa, na hapa kulikuwa na watu 12 kwa kila mmoja ambao wangekosa hata kama wote wangekuwa hodari.

Asubuhi ya usaili nilipanga foleni na bahasha yangu: cheti cha kuzaliwa, cha Kidato cha Nne, cha Sita, cha chuo, kitambulisho cha taifa. Mbele yangu watu watatu hivi nikamwona yule wa picha za ofisini. Alinitambua kwanza yeye. Tulikumbatiana, nikamuuliza, wewe unafanya nini huku, si una kazi? Akaniambia alikuwa anajitolea kwenye ofisi ile kwa miaka mitatu, analipwa nauli tu. Kitambulisho kile nilichokikuza kwa vidole kiliandikwa "Mwanafunzi wa vitendo". Akasema kila alipoona mimi sisemi kitu kwenye kundi, alijua nimeshapata mambo makubwa na sina muda nao. Tulisimama pale na bahasha zetu juani, miaka mitano kila mmoja akimwogopa mwenzake.

Nilipita mchujo, nikapita mahojiano, sikupangiwa kituo. Jina langu lipo kwenye kanzidata, pamoja na wengine waliofaulu wakakosa nafasi, na likitokea pengo naweza kuitwa. Pia naweza nisiitwe. Kwa hiyo bado sijui, na nimezoea kuishi nalo hilo. Saa nane usiku huwa naamka mara mojamoja. Nakunywa maji, najiuliza kesho kuna sare za nani, narudi kulala.

Tarehe 28 imebaki siku ya mama. Natuma ninachokuwa nacho, na namwambia ni kiasi gani na kwa nini. Mwezi uliopita masika yalizuia wateja, nikatuma 18,000. Akapiga, akashukuru, akaniombea dua, akauliza wanafunzi hawajambo.

Nikamwambia yupo mmoja. Alifaulu ule wa maarifa, na Novemba anafanya Kidato cha Nne.